Namna ya kuijaribu huduma ya faksi ya mtandaoni kabla hujaihitaji

Watu wengi hukutana na faksi siku ileile wanapoihitaji. Ofisi ya bima, ya hospitali au ya mahakama inasema kwamba fomu iliyotiwa saini iletwe kwa faksi kabla ya saa za kazi kwisha, na aliyeambiwa hivyo hana mashine, hana laini ya simu ya mezani, na pengine hajawahi kutuma faksi maishani mwake. Anafungua tovuti ya kwanza anayoiona, anaweka namba ya kadi yake ya benki, anabonyeza kitufe cha kutuma, kisha anaendelea na shughuli zake akiamini kwamba fomu imefika. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, anayetuma faksi mbili au tatu kwa mwaka, ili aichague huduma na kuijaribu kwa utulivu, katika siku ambayo hakuna kinachomkimbiza.

Faksi, au nukushi kama inavyoandikwa juu ya barua nyingi rasmi, haijatoweka kama wengi wanavyodhani. Ni kweli kwamba huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, ilipigwa marufuku kununua mashine mpya za faksi kuanzia Januari 2019, lakini nchini Marekani hospitali, maduka ya dawa na ofisi za serikali bado zinaipokea kila siku, na nchini Japani inaendelea kutumika katika ofisi na majumbani. Kwa hiyo anayeambiwa atume faksi hana sababu ya kubishana na ofisi hiyo. Lililo mikononi mwake ni kuhakikisha kwamba karatasi yake inafika ikiwa inasomeka.

Kinachotokea baada ya kubonyeza kitufe

Kabla ya kujaribu chochote, inafaa kuelewa kazi inayofanywa na huduma hizi, kwa sababu makosa mengi hutokana na kudhani kwamba faksi ya mtandaoni ni barua pepe yenye jina lingine. Unapopakia faili, seva ya huduma huligeuza kuwa picha ya nukta nyeusi na nyeupe, kisha hupiga simu ya kawaida kwenda kwa namba uliyoiandika. Mashine ya upande wa pili ikiitikia, pande hizo mbili husalimiana kwa milio, hukubaliana juu ya kasi, na ukurasa husafirishwa mstari kwa mstari. Baada ya kila ukurasa, mashine inayopokea hutoa ishara kwamba imeupata, na ishara hiyo ndiyo inayoiwezesha huduma kukuandikia kwamba faksi imefika.

Kanuni za mazungumzo hayo ni za kiwango kinachoitwa Kundi la 3, ambacho kiliidhinishwa mwaka 1980 chini ya shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, ITU, na ambacho mashine nyingi zinakifuata hadi leo. Kwa kiwango hicho, upana wa ukurasa wa A4 hugawanywa katika nukta 1,728, na kwa kwenda chini kuna takribani mistari 98 katika kila inchi kwa ubora wa kawaida, au 196 kwa ubora wa juu. Kila nukta ni nyeusi au nyeupe. Hakuna kijivu wala rangi. Kile kinachoonekana kama kivuli kwenye faksi ni nukta nyeusi zilizotawanywa. Ukilishika jambo hili moja, utajua kwa nini fomu inayopendeza kwenye kioo cha kompyuta yako huweza kutoka upande wa pili ikiwa na madoa meusi mahali palipokuwa na maandishi.

Kuchagua huduma ya kujaribu

Huduma zilizopo ni za aina tatu. Kuna zile za bure zenye mipaka, kama FaxZero, ambayo hutuma faksi fupi kwenda Marekani na Kanada bila malipo na kuweka alama yake kwenye ukurasa wa jalada, yaani ule wa mbele unaomtaja mpokeaji na mtumaji. Kuna zile unazolipia kila faksi, au unazonunulia salio la kurasa na kulitumia unapohitaji. Na kuna zile za malipo ya kila mwezi, ambazo hukupa namba yako mwenyewe ya kupokelea faksi na idadi fulani ya kurasa kwa mwezi. Kwa anayetuma mara chache, maoni yangu ni kwamba aina ya tatu ndiyo inayotangazwa zaidi na ndiyo inayomfaa kidogo zaidi. Anayelipa miezi kumi na miwili ili atume faksi tatu amelipia ukimya.

Swali la kujiuliza kwanza ni kama unahitaji kupokea faksi. Mara nyingi huhitaji, kwa kuwa ofisi inayodai fomu kwa faksi hujibu kwa simu au kwa barua. Ikiwa ni kutuma tu, tafuta huduma isiyokulazimisha kuchukua namba. Swali la pili ni nchi unayotuma. Huduma nyingi husema zinafika duniani kote, ila bei ya ukurasa hutofautiana sana baina ya nchi na nchi, na hata baina ya simu ya mezani na ya mkononi ndani ya nchi moja. Kwa hiyo itafute bei ya namba yako hasa, wala usitosheke na bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa mbele. Angalia pia namna kurasa zinavyohesabiwa. Baadhi ya huduma huchukua ukurasa mmoja kuwa sekunde 60 za simu, na ukurasa uliojaa picha au mandharinyuma meusi, ambao huchukua muda mrefu kupita, huhesabiwa kuwa kurasa mbili au zaidi. Jalada nalo huhesabiwa na baadhi yao.

Ukiamua kuingia kwenye kipindi cha majaribio cha huduma ya malipo ya mwezi, kitafute kitufe cha kujiondoa kabla ya kuweka namba ya kadi. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu niliwahi kujisajili katika huduma moja kwa dakika tatu, kisha nikatumia sehemu kubwa ya asubuhi nzima nikitafuta namna ya kutoka, hadi nilipogundua kwamba kujiondoa kulifanyika kwa kuzungumza na mhudumu peke yake, tena kwa saa maalumu. Maelezo hayo yalikuwamo kwenye masharti tangu mwanzo, nami sikuyasoma. Soma basi mambo manne: majaribio yanakwisha tarehe gani na kwa saa za wapi, malipo ya kwanza ni ya mwezi au ya mwaka mzima, ukijiondoa leo unaendelea kuitumia hadi siku ya mwisho au unafungiwa papo hapo, na kurasa zinazozidi kiwango cha majaribio zinatozwa kiasi gani. Kisha weka kikumbusho kwenye simu yako siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho.

Kuandaa ukurasa wa majaribio

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapoteleza kwa kutuma karatasi iliyoandikwa neno moja la salamu. Karatasi kama hiyo itafika vizuri kwa huduma yoyote, na haitakufundisha kitu. Usitume pia hati yako halisi yenye namba ya kitambulisho au maelezo ya afya, kwa kuwa bado hujaijua huduma hiyo wala hujui inayaweka wapi mafaili ya wateja wake.

Tengeneza ukurasa mmoja unaofanana na fomu utakazotuma. Andika sentensi ileile kwa herufi za ukubwa wa 8, 10, 12 na 14, kwanza kwa mwandiko wenye vijikia kwenye ncha za herufi, kama Times New Roman, kisha kwa mwandiko usio navyo, kama Arial. Weka safu ya tarakimu ndogo zenye 3, 8, 6, 5 na 0, kwa maana hizo ndizo zinazochanganywa kwanza ubora unaposhuka, na tarakimu moja ikibadilika kwenye namba ya akaunti faksi yote haina maana. Chora jedwali lenye mistari myembamba. Weka kisanduku cha kijivu chenye maandishi ndani yake, kama vile visanduku vya fomu za bima, na kingine cheusi chenye maandishi meupe. Kisha uchapishe ukurasa huo, utie saini mbili, moja kwa kalamu ya wino wa buluu hafifu na nyingine kwa kalamu nyeusi, upige na mhuri kama unao, halafu uutambaze kwa skana uwe faili tena.

Kama huna skana, kamera ya simu inatosha, ila tumia programu ya kutambaza nyaraka badala ya kupiga picha ya kawaida. Programu hiyo hunyoosha pembe za karatasi na kuondoa kivuli cha mkono wako, ambacho kwenye faksi hugeuka wingu la nukta nyeusi. Chagua nyeusi na nyeupe wewe mwenyewe kabla ya kupakia, kwa kuwa hapo utaona kwa macho yako kilichopotea, na unaweza kurekebisha mwanga na kurudia. Ukiiachia seva ifanye kazi hiyo, utaona matokeo baada ya faksi kwenda. Nukta 200 kwa inchi zinatosha. Kuongeza hadi 600 hakuongezi usomekaji wowote upande wa pili, kwa sababu laini ya faksi haiwezi kuzibeba, na faili likiwa zito linaweza kukataliwa. Hifadhi kama PDF. Huduma nyingi hupokea pia mafaili ya Word, lakini seva isipokuwa na mwandiko ulioutumia itauweka mwingine, na mistari ya fomu itahama.

Kuna jambo dogo la karatasi ambalo huwatesa wanaotuma kwenda Marekani na Kanada. A4 ina urefu wa milimita 297, na karatasi ya Letter inayotumika huko ina milimita 279. Mashine nyingi hupunguza ukubwa wa ukurasa ili utoshe, ila nyingine huukata, na kinachokatwa ni sehemu ya chini, ambako mara nyingi ndiko iliko saini. Acha nafasi tupu ya sentimita 3 chini ya ukurasa, na kwenye ukurasa wa majaribio chora mstari wa rula uone umefika hadi wapi.

Atakayepokea

Faksi ya majaribio inahitaji mtu wa upande wa pili atakayekuonyesha kilichotoka. Aliye bora kuliko wote ni rafiki au jamaa anayefanya kazi mahali penye mashine ya kweli, naye apige picha karatasi iliyotoka na kukutumia. Usipompata, unaweza kujisajili kwa majaribio kwenye huduma ya pili inayotoa namba ya kupokelea, na kuzifanya huduma hizo mbili zitumiane. Njia hii ni rahisi na inafichua mengi, lakini ina upungufu wake: pande zote mbili ni kompyuta, laini ni safi, na karatasi hakuna, kwa hiyo matokeo yatakuwa mazuri kuliko yale ya mashine iliyokaa kona ya ofisi kwa miaka kumi ikiwa na wino uliokaribia kwisha. Matokeo yakiwa mabaya hata kwa njia hii, huduma hiyo iache. Baadhi ya kampuni za printa, HP ikiwa mojawapo, zimekuwa na namba ya majaribio inayokujibu kwa faksi, ila jibu hilo linakuhitaji uwe na namba ya kupokelea.

Wakati wa kuandika namba, fuata mtindo wa kimataifa: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe bila sifuri ya mwanzo. Italia ni tofauti, kwani simu zake za mezani hubaki na sifuri hata zinapopigwa kutoka nje. Isome namba tarakimu kwa tarakimu kutoka kwenye karatasi uliyopewa, na kama ukurasa wa kutuma una orodha ya nchi, hakikisha msimbo haujajirudia mara mbili.

Kwenye jalada andika jina la mpokeaji, idara yake, jina lako, simu yako na jumla ya kurasa pamoja na jalada lenyewe. Usiandike jambo la siri hapo, kwa sababu jalada ndilo linalolala juu ya mashine mbele ya kila apitaye. Ikiwa huduma inakuruhusu kutuma kwa barua pepe, fahamu kwamba maneno ya barua hiyo kwa kawaida ndiyo yanayokuwa jalada, na nembo iliyo chini ya jina lako kwenye barua pepe inaweza kutumwa kama ukurasa wa ziada. Nembo za namna hiyo zimenilipisha kurasa nisizozijua, ziondoe.

Kutuma, na kushindwa kwa makusudi

Chagua ubora wa juu ikiwa huduma inakupa nafasi hiyo, tuma, kisha andika saa. Ukurasa mmoja huchukua dakika moja au zaidi kidogo, lakini foleni ya seva na simu inayotumika upande wa pili vinaweza kuirefusha safari. Unachokipima hapa ni ukweli wa taarifa unazopewa kuliko kasi. Huduma nzuri hutofautisha hatua: faili limepokelewa, limegeuzwa, namba inapigwa, kurasa zinaenda, imekamilika. Huduma inayoandika kwamba faksi imetumwa sekunde tano baada ya kubonyeza kitufe inakuambia kwamba imelipokea faili lako, wala haijampigia mtu yeyote.

Jaribio la pili liwe la kurasa nne au tano, tena ndani ya saa za kazi za mpokeaji, ili uone kama kurasa zote zinafika kwa mpangilio wake na kama idadi kwenye risiti inalingana na idadi mkononi mwa aliyepokea.

Jaribio la tatu ni lile ambalo watu hulisahau, nami naliona kuwa la muhimu kuliko yote: tuma faksi inayojulikana kuwa haitafika. Andika namba ya simu yako mwenyewe ya mkononi, na si ya mtu mwingine, upokee simu itakapoita. Utasikia mlio wa nusu sekunde unaorudiwa kila baada ya sekunde tatu hivi; hiyo ni sauti ya faksi inayotafuta mwenzake. Usiseme kitu, kata simu, kisha uangalie taarifa utakayopewa. Je, huduma imeandika wazi kwamba sauti ya faksi haikusikika, au imesema tu kwamba kuna hitilafu? Imekutumia barua pepe, au umelazimika kuingia kwenye akaunti ili ujue? Imejaribu tena yenyewe, mara ngapi, na kila baada ya muda gani? Na imekutoza? Siku utakapokuwa na fomu yenye mwisho wa saa kumi jioni, huduma itakayokuarifu saa nane kwamba namba inatumika ina thamani kuliko ile itakayokuarifu kesho yake.

Taarifa za kushindwa husomeka hivi. Namba ikiwa inatumika, subiri robo saa. Isipojibiwa, pengine mashine imezimwa au imeishiwa karatasi, na ni vema kuipigia simu ofisi husika. Ikijibiwa kwa sauti ya mtu, karibu kila mara umekosea namba au umepewa namba ya simu badala ya ya faksi. Usiiachie huduma irudie kumpigia mtu huyo. Mawasiliano yakikatika katikati, angalia ni kurasa ngapi zilizopita, kisha utume faksi nzima upya kwa ubora wa kawaida, ambao hupita haraka zaidi, na uandike kwenye jalada kwamba hii ndiyo kamili.

Kuisoma risiti

Risiti ya uthibitisho inapaswa kuwa na tarehe na saa, namba iliyopigwa, idadi ya kurasa, muda wa simu, na kitambulisho cha mashine iliyopokea, ambacho kwa kawaida ni namba isiyozidi tarakimu 20 iliyowekwa na mwenye mashine. Kitambulisho hicho kikiwa kitupu usihofu, kwa kuwa wengi hawakiweki kabisa. Lakini kikionyesha namba isiyofanana hata kidogo na uliyoipiga, simama na uulize. Pakua risiti kama PDF, ikiwezekana iwe na picha ndogo ya ukurasa wa kwanza, na uihifadhi nje ya akaunti, maana akaunti ikifungwa kumbukumbu zake huondoka nayo.

Sasa weka picha aliyokutumia mpokeaji kando ya ukurasa wako wa awali. Tazama herufi za ukubwa wa 8, tazama kama 3 imebaki 3, tazama ndani ya kisanduku cha kijivu, tazama saini ya buluu. Mapungufu utakayoyaona yakiwa kwenye kijivu na buluu peke yake, dawa iko kwako: andika kwa kalamu nyeusi na ung'arishe fomu kabla ya kuipakia. Yakiwa kwenye mistari yote, yenye vipande vilivyoruka au vilivyojirudia, laini ya huduma ndiyo dhaifu, na inafaa ujaribu nyingine.

Baada ya majaribio

Amua siku hiyohiyo. Ukiiacha huduma, futa mafaili uliyopakia, ondoa kadi, jiondoe, na upige picha ya kioo kinachothibitisha kwamba umejiondoa. Namba ya kupokelea uliyopewa wakati wa majaribio usimpe mtu yeyote unayemtegemea, kwa sababu ukiondoka itapewa mteja mwingine, na hati zako zitaangukia mikononi mwake. Ukibaki nayo, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na uangalie kama kuna chaguo la kufuta mafaili moja kwa moja baada ya kutumwa. Usimbaji fiche unaotajwa kwenye matangazo, yaani kuigeuza hati isisomeke na mtu mwingine njiani, hulinda safari ya kutoka kwako hadi kwenye seva. Kipande cha mwisho, cha seva hadi mashine ya mpokeaji, kwa kawaida hupita kwenye laini ya simu bila kusimbwa.

Hifadhi pia ukurasa wako wa majaribio, na kila baada ya miezi kadhaa hakikisha kwamba bado unaweza kuingia kwenye akaunti na kwamba salio halijaisha muda wake. Na siku ya faksi halisi itakapofika, risiti ikishakuja, ipigie simu ofisi hiyo, umwombe anayepokea aende mpaka kwenye mashine, ahesabu kurasa, kisha akusomee tarakimu nne za mwisho za namba ya faili lako kama anavyoziona kwenye karatasi.